Chupa Tuliyoihukumu Kabla ya Kuisoma



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: wiki hii, enyi akina mama na wazazi wenzetu, hatuandiki juu ya makosa ya watu. Twaandika juu ya kosa letu wenyewe, na juu ya kopo la sukari lililotukumbusha jambo tulilofundishwa chuoni tukiwa wadogo, kisha tukalisahau tulipokuwa wakubwa.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Disemba, tulialikwa Kisii kusomesha wakati wa likizo ya shule. Sisi watu wa pwani tukifika huko hushangaa. Mji umekaa juu milimani, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mvua za alasiri hazina miadi. Waislamu ni wachache. Wako Wanubi, ambao wazee wao walifika na jeshi la Waingereza. Wako wafanyabiashara waliotoka kwingine. Na wako Wagusii wenyewe walioingia katika dini. Kwa uchache wao wana pupa ya elimu inayotutia haya sisi tuliozaliwa tukisikia adhana.

Siku moja, baada ya darasa la akina mama, alitujia mama mmoja aliyetoka Nyamira kwa matatu. Ni mjane, alisilimu akiwa mtu mzima, na riziki yake yatokana na keki: za harusi, za siku za kuzaliwa, za sherehe za kufunga shule. Alifungua pindo la leso yake akatoa chupa ndogo, akasema, "Sheikh, hii ni arki ya vanila, ndiyo natia kwa keki. Nimeambiwa iko na pombe. Niendelee nayo ama niiache?"

Suali lake lilikuwa la maana. Arki halisi ya vanila hutolewa kwa kuloweka maganda yake katika alkoholi, na kwa kanuni ya Marekani haistahiki kuitwa kwa jina hilo mpaka alkoholi yake isipungue asilimia 35. Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana juu ya kiasi kidogo kitiwacho chakulani namna hiyo. Basi suali kama hilo lahitaji kituo. Sisi hatukutua. Miwani tulikuwa tumeiacha kwa mwenyeji wetu, Magharibi ilikuwa yakaribia, na maandishi ya ile chupa yalikuwa madogo kama punje za wimbi. Tuliona neno refu la Kizungu lenye mwisho unaofanana na "alkoholi", tukatosheka. "Iache, mama," tulimwambia. "Ni haramu."

Akajibu, "Nimesikia, Sheikh." Akaifunga chupa yake, akaenda zake kuwahi matatu ya mwisho.

Tuliporudi Mombasa tulikisimulia kisa hicho mara nyingi, tena kwa fahari, kuwa ni mfano wa utiifu. Tulikisimulia hata jikoni kwetu.

Mwezi wa Agosti uliofuata, mama watoto alikuwa akioka keki ya khitma ya mjukuu. Tuliingia jikoni tukaikuta chupa ile ile juu ya meza, jina lile lile na rangi ile ile. Tukauliza tangu lini kitu hicho kimo nyumbani mwetu. Mama watoto akasema, "Tangu binti yako hajaanza shule." Maana yake ni kwamba tuliila kila Idi, na wala hatukupata kuuliza.

Tukaamuru itupwe. Binti yetu, ambaye husomesha kemia katika shule ya upili, aliishika chupa akasema kwa adabu, "Baba, vaa miwani kwanza, kisha usome." Tukavaa, tukasoma: maji, propilini glaikoli, kitia harufu, rangi. Akatueleza kwamba glaikoli hiyo ni kimiminika cha kubebea harufu. Wanakemia huihesabu katika ukoo mpana wa alkoholi kwa sababu ya umbile lake, lakini siyo ile ya mvinyo, na haikutengenezwa kwa kuchachusha kinywaji. Na harufu yenyewe ilikuwa ni vanilini iliyotengenezwa kiwandani. Kwa hiyo ndani ya chupa ile hamkuwa na tone la mvinyo. Na kusema kweli, hamkuwa na vanila pia.

Mama watoto alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule mama wa Nyamira, je?"

Tulimpigia mwenyeji wetu wa Kisii atuulizie. Jibu lilikuja kwa siku mbili. Yule mama aliacha arki siku ile ile. Keki zake zikawa zanuka mayai, na mteja wake mkubwa, mwenye kuagiza kila Jumamosi, akahamia kwa mwokaji mwingine. Muhula wa pili mwanawe wa kwanza alikaa nyumbani majuma matatu kwa ajili ya karo. Haya yote hakumlalamikia mtu.

Tungeweza kumwambia kwa simu. Lakini neno tulilolitoa uso kwa uso tuliona ni wajibu tulirudishe uso kwa uso. Tulisafiri pamoja na mama watoto. Mkwe wetu aliyeko Kampala alikuwa ametuletea maganda kumi ya vanila, kwani Uganda ni miongoni mwa nchi zinazoilima kwa wingi, na sisi tukachukua chumvi ya mawe kutoka Gongoni.

Nyumba ya yule mama iko katikati ya mashamba ya chai, upande wa Kebirigo. Tulipokwisha kukaribishwa chai, tulimwambia jambo lote bila kulipamba: kwamba hatukusoma, kwamba tulihukumu kwa kudhania, na kwamba hasara yake ni deni juu yetu. Tukamwomba atusamehe, na tukamkabidhi kiasi cha karo.

Alitazama chini kwa muda. Kisha akasema, "Sheikh, mimi sikuiacha kwa ajili yako. Niliiacha kwa ajili ya Mungu, na yeye hapotezi. Lakini nilikuwa nikijiuliza: mbona sheikh amenifungia mlango na hakunionyesha mwingine?"

Wallahi, hatukuwa na jibu. Mama watoto ndiye aliyetuokoa. Alikunja mikono ya buibui akasema, "Mlango mwingine ndio huu, dada yangu. Lete sukari."

Wakafanya kazi, na sisi tukakaa kando tukiangalia. Na kwa kuwa wasomaji wetu watataka kujua, twaeleza kama tulivyoona. Ganda moja la vanila, jeusi na laini, lapasuliwa kwa urefu kwa ncha ya kisu. Chembe nyeusi zilizomo ndani zakwanguliwa na kusuguliwa kwa vidole katika sukari vikombe viwili. Ganda lenyewe halitupwi, bali lakatwa vipande na kufukiwa humo humo. Yote yatiwa katika kopo la kioo lililo kavu kabisa, lenye kifuniko cha kukaza, na kuwekwa pasipo jua. Kila baada ya siku mbili tatu latikiswa. Baada ya wiki mbili sukari imeshika harufu. Ikipungua, huongezwa nyingine juu ya ganda lile lile. Katika baridi na unyevu wa Nyamira, vipande vya ganda huachwa kwanza usiku mmoja karibu na jiko vikauke, ama sivyo sukari yaganda kuwa donge.

Chumvi ni namna hiyo hiyo: ganda moja kwa robo kilo ya chumvi ya mawe iliyopondwa kidogo. Yule mama alicheka, "Chumvi na vanila?" Mama watoto akachukua ndizi mbivu, nazo Kisii hazikosi, akazichoma makaani na kuzinyunyizia chumvi ya mawe tupu ili aonyeshe jinsi chumvi inavyoamsha utamu. Kicheko kikaisha. Ila tuwakumbushe akina mama: chumvi hii ni ya kunyunyizia kidogo tu. Ya kupikia kila siku iwe ile ya dukani iliyotiwa madini joto, kwani mwili wayahitaji.

Wakati wanakwangua, yule mama aliuliza mbona vijiti hivi ni ghali. Tulimweleza tulilolijua. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na mbali na kwao Mexico mkulima hana budi kulichavusha kwa mkono, moja moja. Aliyevumbua njia nyepesi ya kufanya hivyo, mwaka 1841 katika kisiwa kinachoitwa leo Réunion, alikuwa mtumwa wa miaka 12 jina lake Edmond Albius; kwa kijiti na kidole gumba chake wengine walitajirika, naye akafa maskini mwaka 1880. Baada ya kuchavushwa, ganda hukaa mtini kama miezi tisa, kisha huchukua miezi mingine kupashwa moto, kufunikwa na kuanikwa. Likivunwa changa halina harufu. Nchini Uganda serikali imewahi kutangaza tarehe ya kuvuna, kwa sababu ya wenye pupa na wezi.

Tukiwa twasema hayo tulijisikia tunajihubiria wenyewe. Fatwa nayo ina wakati wake wa kuiva. Aliyekuja kwetu na chupa alikuja na riziki yake, na karo ya mwanawe, na imani yake changa, vyote vimefungwa katika pindo moja la leso. Sisi tukamjibu kwa muda wa kufunga mwavuli.

Kabla hatujaondoka, alitoa kabatini chupa nyingine, aliyopewa na jirani. Akauliza tena, "Na hii?" Safari hii miwani ilikuwa mfukoni. Tuliisoma mwanzo hadi mwisho. Iliandikwa "vitia harufu" tu, bila ya kueleza vimeyeyushwa katika nini, wala haikuwa na alama ya halali.

"Hii hatuijui, mama," tulimwambia. "Tutauliza, na tutakujibu."

Akatabasamu. "Basi nitangoja, Sheikh. Sukari ninayo."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe haraka za ndimi zetu, awapanulie riziki ya halali akina mama wanaohangaikia watoto wao, na atujaalie ujasiri wa kusema "hatujui" pale tusipojua. Wallahu a'alam.

Wabillahi tawfiq.