Daktari alipomkatalia Mama meno ya nyuma

Mama ana miaka 71 na magego yake ya chini yaling'olewa zamani, moja baada ya jingine. Meno ya bandia anayovaa huinuka kila akitafuna. Sisi wanawe tukachanga fedha apandikizwe ya kudumu, yale yanayoshikiliwa na skrubu za titani ndani ya mfupa.

Daktari alitazama eksirei ya kawaida, akaagiza picha nyingine ya pande tatu. Kisha akakataa. Shida ilikuwa mfupa, si fedha.

Ndani ya taya la chini, kila upande, mna mfereji unaopita chini ya mizizi ya magego. Humo umelala mshipa wa fahamu pamoja na mishipa ya damu. Mbele kidogo, kati ya magego na chonge, mshipa hutokeza kwenye tundu dogo kwenda kidevuni na kwenye mdomo wa chini. Ndiyo maana ukichomwa sindano ya kung'olewa gego la chini, mdomo nao hufa ganzi. Skrubu ikiuumiza mshipa huo, ganzi yaweza kukaa miezi, pengine isiondoke kabisa. Mtu anakunywa chai, inamchuruzika, hana habari.

Jino likishatoka, mfupa uliolishika hupungua mwaka hadi mwaka. Mfereji hausogei; kinachoshuka ni mfupa ulio juu yake. Mama alibakiwa na milimita 5. Ukiacha 2 za usalama, zinabaki 3, skrubu itashika wapi? Tena upande wa ulimi taya lake limebonyea, jambo ambalo eksirei ya kwanza haikuonyesha. Kekee ikitobokea huko, damu huvujia chini ya ulimi.

"Basi mwanangu, ndiyo nimalizie na uji?" Mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Tutaweka mbili mbele, kati ya yale matundu mawili. Meno yako utayabana juu yake kama kifungo."

Kaka hakuridhika. Alikuwa amepata mahali wanapoweka magego yote bila picha yoyote, kwa bei nafuu. Tuligombana hadi usiku, nami sikulegea. Mama ndiye aliyekata shauri: "Mdomo ni wangu."

Skrubu mbili zimeshaingia. Mfupa huhitaji kama miezi mitatu kuzishika sawasawa, nasi tumo katika wa pili. Mama anakula wali laini na samaki. Kaka bado hajanipigia simu.