Njia ya Moshi

Katika nyanda za juu za Kenya, baridi ni mgeni ajaye kila mwaka bila kualikwa. Hubisha hodi mwezi wa Juni, hutawala Julai, na aghalabu haagi mpaka Agosti imalizike. Huko Limuru, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hushuka jioni juu ya mashamba ya chai, na kila mwenye nyumba hutafuta moto. Wengi huota jiko la makaa. Lakini baadhi ya nyumba za mawe, zilizojengwa na walowezi kabla ya Uhuru wa mwaka 1963, zina meko ndani ya ukuta wa sebule, na dohani ipandayo hadi juu ya paa ili kutoa moshi. Nyumba ya mjomba wangu ilikuwa mojawapo ya hizo, na ndani yake nilipata somo ambalo nusura linitoe roho.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka 1994, nami nilikuwa na umri wa miaka 14. Mjomba alikuwa amehamia katika nyumba ile karibuni, na jioni hiyo meko yaliwashwa kwa mara ya kwanza. Kuni zetu zilikuwa za mwati uliokatwa juma lile lile. Zilitoa povu na mvuke, lakini hazikukubali kuwaka. Moshi ulirudi sebuleni, macho yakatutoka machozi, na nyanya akashikwa na kikohozi. Mjomba alipoona hivyo, aliziondoa kuni akatia makaa tele badala yake. Punde si punde moshi ulitoweka, makaa yakawa mekundu, na joto likaenea chumbani. Tulishukuru, tukidhani kuwa taabu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa njiani.

Kwenye koo la dohani palikuwa na kilango cha chuma, kifunguliwacho na kufungwa kwa mkono. Kabla ya kwenda kulala, mjomba alikifunga ili joto lisipotee, maana aliona moto umetulia na moshi haupo tena. Mimi na binamu yangu tulitandikiwa magodoro mbele ya meko. Madirisha yalifungwa, na gunia likawekwa chini ya mlango kuzuia upepo.

Usiku wa manane niliamka huku kichwa kikinigonga kama ngoma. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilimsikia binamu yangu akitapika, nikataka kumwita, lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Nyanya ndiye aliyetuokoa. Kikohozi cha jioni kilimnyima usingizi, akatoka chumbani mwake kutafuta maji, akatukuta katika hali ile. Alipiga ukelele, akafungua mlango na madirisha yote, nasi tukaburutwa mpaka barazani, kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tukiikimbia. Hewa safi ilituzindua, na usiku huo huo tukapelekwa hospitali.

Daktari alitueleza kuwa tulivuta sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Ni hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokea kuni au makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha. Ikiingia mapafuni hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu izidiyo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikazunguka mwilini bila kuchukua kitu ambacho mwili unakingojea. Mtu aliyelala huweza kutoka katika usingizi wa kawaida akaingia katika usingizi wa milele bila kugutuka.

Maneno hayo yaligeuza fikira zangu. Jioni ile tuliuchukia moshi, tukayasifu makaa. Lakini moshi ulikuwa umetuonya waziwazi: ulituwasha macho, ukatukohoza, ukatuhimiza tufungue dirisha. Makaa yalitubembeleza kwa joto huku yakitunyonga kimyakimya. Tangu usiku huo siuamini moto kwa sababu tu umetulia.

Tuliporudi nyumbani, mjomba alimwita mzee mmoja jirani, ambaye katika ujana wake alipata kuwa mtumishi katika nyumba ile. Mzee alichungulia ndani ya dohani kwa tochi, akauliza, "Njia hii ilifagiliwa lini?" Hakuna aliyejua. Alipanda juu ya paa akiwa na brashi ya nyuzi za chuma iliyofungwa kamba, akaishusha na kuipandisha mara nyingi. Masizi yaliyoanguka yalijaza debe, na pamoja nayo kiota kikavu cha ndege.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "nyumba nayo ina koo kama wewe. Je, ukizibwa koo, utapumua?"

Kisha akanifundisha mambo ambayo nayashika hata leo katika nyumba yangu mwenyewe. Kuni mbichi zina maji yapatayo nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kuyachemsha, na moshi mzito hupanda na kuganda katika kuta za dohani kama lami. Masizi hayo yakizidi huweza kushika moto, ukafika kwenye mbao za paa. Kwa hiyo kuni zipasuliwe, zipangwe mahali penye paa na upepo, zikae miezi sita au mwaka mzima. Kuni iliyokauka huwa na nyufa kwenye ncha, na ukigonga mbili pamoja hulia kwa sauti kali. Dohani ikaguliwe kila mwaka kabla ya majira ya baridi, na ifagiliwe masizi yafikapo unene wa milimita 3. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyefagia dohani huenda akajenga nyumba nzima.

Kilango cha dohani kifunguliwe kabla ya kuwasha, na kisifungwe mpaka majivu yapoe kabisa. Mafuta ya taa au petroli visimwagwe motoni, wala mbao zilizopakwa rangi na takataka za plastiki zisichomwe. Wavu wa chuma usimamishwe mbele ya meko kuzuia cheche. Viti, mazulia na nguo vikae umbali wa mita moja au zaidi. Majivu nayo yasidharauliwe. Kaa dogo huweza kuishi ndani yake siku mbili tatu likingoja upepo. Yatiwe katika debe la bati lenye kifuniko, likawekwe nje juu ya mawe, mbali na ukuta.

Pengine msomaji atasema, "Kwetu hakuna meko ya ukutani, mambo haya yanihusu nini?" Yanakuhusu sana. Meko ya mjomba yalikuwa na dohani, nasi tuliponea chupuchupu kwa sababu tuliifunga. Jiko la makaa halina dohani hata kidogo. Dohani yake ni mlango na dirisha lako. Alipelekaye jiko chumbani usiku, akajifungia ili apate joto, hutenda lile lile alilotenda mjomba, na huenda asiwe na nyanya wa kumfungulia mlango. Otea moto huku dirisha likiwa wazi, na kabla ya kulala utoe jiko nje, hata kama makaa yamefifia. Blanketi la pili ni bora kuliko jiko chumbani. Na ukiona kichwa kinauma, moyo unachafuka, na wenzako karibu na moto wanalalamika vivyo hivyo, usijiulize mara mbili: tokeni nje kwanza, kisha mtafute daktari.

Nyanya alikwisha fariki, lakini kila Julai niwashapo moto humkumbuka. Kabla sijagusa kibiriti, huinama nikatazama juu ndani ya dohani kuona kama njia iko wazi. Watoto wangu hunicheka, nami huwaacha wacheke. Nao siku hizi huinama kama mimi.