Marejeo ya Den Watts

Den Watts, mwenye baa katika mchezo wa televisheni wa Uingereza uitwao EastEnders, alimpa mimba msichana wa miaka 16, rafiki wa bintiye. Mwaka 1989 alipigwa risasi kando ya mfereji. Mwaka 2003 waandishi walimrudisha; kumbe alikimbilia Hispania! Hila hiyo naisamehe. Lakini waliukabidhi uchungu wote kwa Sharon, bintiye wa kulea, aliyemdhani amekufa. Yule msichana, aliyeondoka mchezoni mwaka 1995, hakuwapo kumwuliza neno. Mwaka 2005 wakamwua tena.

Mjomba wangu naye alirejea hivyo baada ya miaka tisa. Tulimchinjia mbuzi, nami, mtoto, nikala kwa furaha. Mkewe alichukua ndoo akaenda kisimani, asirudi mpaka usiku.