Kilwa: Mpingo Una Wenyewe

Vijana wenzangu wa mjini, mkienda Kilwa msiishie kwenye magofu ya Kisiwani na pweza wa kuchoma. Mimi nilivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, nikaendelea mpaka kijiji cha Kikole, kuutafuta mpingo. Mti wenyewe una miiba na shina limepindapinda, unaweza kuupita hivihivi. Ndani sasa! Mweusi tii, na huko Ulaya ndio wanaotengenezea klarineti.

Zamani wakataji walikuwa wanajibebea magogo, kijiji kinabaki kinashangaa. Lakini ng'ambo wapo wanunuzi wanaouliza: mbao hii imetoka wapi? Mwaka 2009 Kikole na wenzao wa Kisangi wakapata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Msitu ni wa kijiji, anayeuza ni kijiji, na hela inabaki kijijini. Nani tena atakubali uteketezwe?

Sisi wa Dar tukiagiza kitanda pale Keko tunauliza bei na saizi, basi. Mninga umekatwa wapi, hatuna habari. Jamani, fundi atahangaikia vipi jibu la swali ambalo hajaulizwa? Wapiga klarineti wana pa kuulizia. Wewe je?