Mbwa Wetu Wawili

Watu wengi hufuga mbwa, lakini wachache huwatunza. Mchana mbwa hufukuzwa jikoni, akatupiwa makombo. Na usiku ukiingia hutakiwa ailinde nyumba na mifugo. Mimi nami nalikuwa na mawazo kama hayo, hata tulipopata mbwa wawili wakubwa, na mmoja wao akafa kwa ajili ya uvivu wangu. Habari yao ndiyo hii.

Nalikuwa na umri wa miaka 12. Baba alikuwa mlinzi katika shamba la chai upande wa Njombe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Ni nchi ya baridi na majani mabichi, nasi twalikuwa na kondoo 30 na mbuzi wachache. Fisi walitusumbua sana. Basi bwana mmoja aliyekuwa akihama akampa baba watoto wawili wa mbwa, ndugu wa tumbo moja, wenye masikio ya kusimama na migongo myeusi. Tukawaita Simba na Askari.

Asili ya mbwa wa namna hii ni Ujerumani. Huko zamani mashamba mengi hayakuwa na ua. Kondoo walipolishwa karibu na ngano, mbwa alipita mbio mpakani, kwenda na kurudi, mchana kutwa, kama ua wenye miguu, ili kondoo wasile mazao ya watu. Mwaka 1899 afisa mmoja wa askari wapanda farasi, jina lake Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa wachungaji katika maonyesho, akapendezwa na nguvu zake na akili zake, akamnunua na kumpa jina la Horand. Mwaka ule ule akaanzisha chama cha wafugaji wa mbwa hao, na Horand akawa wa kwanza kuandikwa katika daftari ya chama. Siku hizi mbwa hao huonekana duniani kote, wakifanya kazi pamoja na polisi, na askari, na vipofu. Dume aliyekomaa hufikia sentimeta 60 hadi 65 mabegani, na uzito wake ni kilo 30 hadi 40.

Baba alipewa maagizo mengi pamoja na watoto wale, naye akanifundisha mimi. Nalidhani mbwa mkubwa apaswa kushibishwa sana ili akue upesi. Sivyo. Mtoto wa mbwa mkubwa akinenepa mapema, mifupa yake, ambayo ni laici bado, hulemewa, na viungo vya nyonga huharibika. Naye akiwa mtu mzima huchechemea. Kwa sababu hiyo pia hatukuwaruhusu kuruka kuta wala kukimbia mwendo mrefu kabla ya kukomaa.

Tuliwalisha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni: ugali uliochanganywa na dagaa au nyama, na maji safi siku zote. Wakiisha kula tuliwapumzisha, kwa maana mbwa mwenye kifua kirefu akila chakula kingi mara moja na kukimbia, tumbo lake huweza kujaa hewa na kujipinda, naye hufa kwa saa chache. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatukuwapa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa matumbo. Vitunguu navyo ni sumu kwao.

Kila jioni kazi yangu ilikuwa kutafuta kupe. Manyoya ya mbwa hawa ni mazito, yenye tabaka mbili, na kupe hujificha ndani yake. Nalitazama ndani ya masikio, chini ya kwapa na katikati ya vidole, kwani kupe humwambukiza mbwa homa. Akiisha kuipata hukataa chakula, na fizi zake hugeuka kuwa nyeupe. Siku moja nalitaka kuwaosha kwa dawa ya josho la ng'ombe. Baba akanizuia, akasema, "Mwanangu, dawa iliyopimwa kwa ng'ombe hukuipimia mbwa. Uliza kwanza."

Kazi hizo zote nalizifanya vema. Iliyonishinda ilikuwa ya siku moja tu.

Mbwa walipotimiza miezi saba, bwana mifugo alitangaza siku ya kuchanja mbwa wote, kuwakinga na kichaa cha mbwa. Baba alikuwa zamu, akaniambia, "Wapeleke wote wawili, ukaniletee kadi zao." Nikamtangulia Simba, kwa sababu alikuwa mtulivu. Akachanjwa, nikapewa kadi. Nikarudi kumchukua Askari. Njia ilikuwa ndefu, Askari alivuta kamba kama ng'ombe wa jembe, na wenzangu walikuwa wakicheza mpira kando ya njia. Nikamfunga kwenye mti, nikaingia mchezoni. Tulipomaliza, bwana mifugo alikuwa amekwisha kwenda zake.

Jioni baba akauliza, "Wamechanjwa?" Nikajibu, "Ndiyo, baba. Kadi nimeziweka sandukuni." Hakuuliza tena, kwa kuwa aliniamini.

Ikapita miezi minne. Asubuhi moja akaja mbwa mgeni, taya limelegea, udererere unamtoka, akiuma kila kilichokuwa mbele yake. Akaelekea zizini. Simba na Askari wakamzuia, wakapigana naye hata majirani wakafika na kumwua. Hapana kondoo hata mmoja aliyeguswa. Lakini mbwa wetu wote wawili walikuwa wameumwa, na dada yangu mdogo, mwenye mikwaruzo mikononi, alikuwa ameshika jeraha la Askari lililojaa mate ya mbwa yule.

Bwana mifugo akaja upesi. Kwanza akamwagiza mama amwoshe mtoto mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha ampeleke hospitali siku ile ile. Akasema, "Ugonjwa huu huzuilika kabla ya dalili. Dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa." Kisha akamgeukia baba: "Nipe kadi za mbwa."

Baba akanitazama. Nikaenda sandukuni, nikarudi na kadi moja.

Sikuhitaji kusema neno. Bwana mifugo akaisoma kadi ya Simba, akamchanja tena, akaamuru afungwe peke yake na kuangaliwa siku 45. Kuhusu Askari akasema, "Huyu hana kinga. Kumfungia miezi mingi mahali salama hamwezi, na mna watoto nyumbani. Hapana njia nyingine." Askari alikuwa amelala karibu na mlango wa zizi, akitikisa mkia aliponiona. Akauawa jioni ile, naye hakuwa amekosa lolote.

Dada yangu akachomwa sindano zote alizoandikiwa, kila moja kwa siku yake, wala hakuugua. Simba akatimiza siku zake akiwa mzima. Baba hakunipiga. Aliniambia neno moja tu: "Mbwa yule alifanya kazi yake." Neno hilo liliniuma kuliko fimbo.

Mwaka uliofuata siku ya chanjo ilipofika, baba alisema, "Mpeleke Simba," asitaje kadi. Nalimpeleka kabla ya jua kupanda, nikarudi, nikaiweka kadi mkononi mwake bila kuulizwa. Nalifanya hivyo kila mwaka, hata Simba alipokufa kwa uzee, mwenye miaka 11.

Nanyi wenye mbwa nyumbani, awe mkubwa au mdogo, kumbukeni kwamba yeye hawezi kuisoma tarehe ya chanjo, wala kwenda peke yake kwa bwana mifugo. Yeye hulinda zizi lenu usiku. Ninyi ilindeni siku yake moja katika mwaka.