Marando ya Mgeni

Mwezi wa Machi 2024 nilipanda boti kutoka Unguja nikiwa na mizigo miwili: daftari la tafsiri na pakacha la marando ya viazi vitamu yaliyofungwa kwa majani mabichi ya mgomba. Daftari lilikuwa langu. Marando yalikuwa ya watu wa Katesh.

Mpenzi msomaji atakumbuka kwamba tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimomonyoka. Tope, mawe na magogo vikateremkia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Nyumba zilizikwa, na mashamba pia. Sisi wa visiwani hatuna mlima wa namna hiyo, lakini tuliopokea maiti za Spice Islander mwaka 2011 tunajua maana ya asubuhi moja kufuta ukoo mzima. Nilijiambia kwamba siendi mikono mitupu.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mbulu, si ya Hanang. Nilialikwa na mama mmoja wa Kiiraqw, mjane, mkulima, ambaye marehemu mumewe alijulikana kwa kusema slufay. Slufay ni dua na ushairi kwa pamoja: mzee mmoja hutamka, umati humwitikia, na kila kitu hutajwa ndani yake, mvua, ng'ombe, watoto, jirani, mpaka wa nchi na adui aliye nje ya mpaka. Mimi sikusoma chuo chochote. Nilijifunza kutafsiri kwa kutafsiri. Nilitaka kuileta slufay katika Kiswahili, na mama yule, mwenye jamaa Katesh, alikubali kuyalea marando yangu kitaluni mpaka yazae ya kutosha kuwapelekea.

Tuliyakata vipande vya kiasi cha shubiri moja na nusu, tukafukia vifundo vitatu vya chini, tukaacha ncha nje. Siku ya saba nilivuta kimoja taratibu, kikagoma kutoka: kilikuwa kimeshika mizizi. Nilifurahi kama aliyepata kina kilichompotea.

Siku ya kumi na mbili furaha ikaisha. Majani mapya yalikuja madogo, membamba, yamejikunja kama yanayoficha kitu, na vijishipa vyake vilionekana vyeupevyeupe katikati ya ubichi uliofifia. Majani ya zamani, yale niliyosafiri nayo, yalikuwa mazima kabisa.

"Ni baridi, mama," nilisema. "Haya ni ya pwani, hayajazoea."

"Baridi ingeyapiga yote, baba," akajibu. "Tazama. Hili limeugua, la pili zima, la tatu limeugua. Baridi haichagui."

"Basi maji yamezidi."

Akachimbua kimoja akanionyesha mizizi, myeupe na migumu. Mizizi iliyozama majini hugeuka kahawia na kulainika.

"Basi ni njaa. Udongo umechoka."

Hapo alicheka kidogo. Njaa ya samadi, akasema, huanzia kwa wazee: mmea hunyang'anya majani ya chini ili kulisha ya juu, na ya chini ndiyo huwa manjano kwanza. Hapa walioumia ni watoto. Nami nilijua, kwa kusoma kwangu huku na huku, kwamba upungufu wa madini ya chuma huanza katika majani machanga. Lakini njaa hiyo hupausha jani, haikunji jani wala kulidumaza. Nilijua pia kwamba kipando huishi kwa akiba ya shina mpaka mizizi ishike, hivyo jani la kwanza huweza kuja limefifia. Nikaomba wiki moja. Akanipa. Majani yaliyofuata yalikuja madogo zaidi.

Ilikuwa virusi. Ugonjwa mkali wa viazi vitamu huja virusi viwili vinapokutana katika shina moja, kimoja hubebwa na vidukari, kingine na nzi weupe. Kile cha vidukari kikiwa peke yake huweza kukaa kimya bila dalili ya kumshtua mkulima. Vikikutana, mavuno hupungua kwa zaidi ya nusu. Dawa ya kumponya mgonjwa aliyeko shambani hakuna. Na kwa kuwa rando si mtoto wa mmea bali ni mmea ule ule uliohamishwa, ugonjwa wa mama huhama naye mzima mzima.

Pwani hatukuanza jana kuyajua haya. Batobato ya muhogo iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka Usambara. Huko huko Usambara, katika kituo cha Amani, Storey alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, na wataalamu wa kituo hicho wakauzalisha muhogo na jamaa yake wa mpira ili kupata mbegu inayostahimili. Mzee wa konde hakusubiri vitabu: alichagua pingili kwa jicho.

Mimi sikuchagua. Nilikata marando kwa haraka, jioni ya kuamkia safari, katika konde ambalo mwaka uliotangulia lilinipa viazi kama vidole. Nililaumu ardhi. Kumbe ninachokilaumu nilikifunga kwa majani ya mgomba, nikakiita zawadi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilimwambia mama methali hiyo kwa aibu. Akainyamazia. Kisha akasema, "Kama yangefika Katesh, wangeyapanda. Mtu aliyefiwa hakagui anachopewa."

Tuliyang'oa yote, hata yaliyoonekana mazima, tukayaanika juu ya mwamba, yalipokauka tukayachoma. Kisha akaenda katika viazi vyake mwenyewe, akatembea tuta kwa tuta, akapita mingi, akakata ncha za mashina machache tu. Hayo ndiyo yaliyokwenda Katesh, kwenye gunia, na mpwa wake.

Usiku ule nilifungua daftari. Nilikuwa nimetafsiri kurasa kumi na nne za slufay, na zote nilizipa vina na mizani, nane kwa nane, kama nilivyozoea. Niliposoma kwa jicho la mchana ule, niliona wapi ugonjwa umeanzia. Maneno yalikuwa sahihi. Lakini palipokuwa na umati unaoitikia, mimi nilikuwa nimeweka kina. Watu walikuwa wametoweka. Si Kiiraqw kilichougua, ni shina la mkono wangu.

Nilimsomea mama ukurasa mmoja asubuhi. Aliusikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na sisi tunaitikia wapi?"

Nikazichana kumi na tatu. Moja nimeibakiza, nayo ipo hapa mezani ninapoandika. Konde langu nalo nimelipumzisha; mwaka huu nimepanda kunde.