Kichogo Kilipoondoka kwenye Meza ya Mhariri

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, meza ya kuhariria video, iwe Dar es Salaam au Nairobi, ilikuwa na vioo viwili. Kimoja kilikuwa monita ya kompyuta, palipopangwa vipande vya picha na sauti. Cha pili kilikuwa TV ya kichogo, mara nyingi ya inchi 14, iliyoungwa kwa waya wa njano na kamera au deki. Ishara ya DV, yaani video ya kidijitali ya kanda, ilitoka kwenye kompyuta ikaingia kwenye kamera, kamera ikaigeuza kuwa analojia, na picha ikajitokeza kwenye TV vilevile ambavyo ingejitokeza sebuleni kwa mnunuzi wa kanda. Kisha skrini bapa zikashuka bei, na kichogo kikapelekwa stoo. Wengi waliyahesabu hayo kuwa maendeleo, na kwa upande wa nafasi, uzito na bili ya umeme yalikuwa maendeleo kweli. Lakini ninavyokikumbuka kipindi kile, tuliondoa kitu ambacho hatukukielewa kazi yake. Kichogo kilikuwa sehemu ya mfumo wenyewe wa picha, na anayehariri video ya SD, yaani ya ubora wa kawaida wa enzi zile, hata leo hana budi kuichagua monita kwa swali moja: je, inaionyesha ishara kama ilivyo, au inaifanyia ukarabati kwanza?

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima turudi kwenye PAL, mfumo uliotumika Kenya, Zanzibar na Tanzania Bara. Picha ya PAL ina mistari 625, ambayo 576 kati yake ndiyo inayobeba kile kinachoonekana. Mistari hiyo haiji kwa mkupuo. Inakuja kwa kupokezana, nusu-picha yenye mistari witiri kisha nusu-picha yenye mistari shufwa, jumla nusu-picha 50 kila sekunde. Kila nusu-picha ni tukio lake la wakati. Mtu anayekimbia amekwisha kusogea kabla nusu ya pili haijachukuliwa. Bomba la kichogo lilizichora nusu hizo moja baada ya nyingine, kwa mwale wa elektroni unaopita mstari kwa mstari, na fosfori ikafifia kabla mwale haujarudi. Skrini bapa haiwezi kufanya hivyo. Ina gridi ya pikseli zisizohama, na zote huwaka kwa pamoja hadi fremu nyingine ifike, kwa hiyo ni lazima nusu mbili ziunganishwe au moja itupwe na pengo lijazwe kwa kukisia.

Ushahidi wangu mkubwa uko hapa. DV hutanguliza nusu-picha ya chini, ilhali kadi nyingi za kunasia analojia zilitanguliza ya juu. Mhariri aliyechanganya vyanzo hivyo viwili bila kurekebisha mpangilio alizalisha picha inayokwenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, mara 25 kwa sekunde. Kwenye kichogo kasoro hiyo iligunduliwa na mtu yeyote aliyepita chumbani, hata asiyejua uhariri. Kwenye dirisha la kompyuta haikuonekana. Dirisha likionyesha nusu zote mbili kwa pamoja, kila kinachosogea huwa na meno pembeni, mpangilio uwe sahihi au uwe umepinduliwa. Likionyesha nusu moja tu, kosa hujificha kabisa. Ni hivyo pia kwa majina ya waigizaji yaliyoandikwa kwa herufi nyembamba. Mstari mlalo wenye unene wa pikseli moja huishi katika nusu-picha moja tu, kwa hiyo kwenye TV hupepesa na kuumiza macho, ilhali kwenye monita ya kompyuta umetulia na unapendeza. Nadhani ndiyo sababu filamu nyingi za miaka ile ziliondoka kwenye meza ya uhariri zikiwa safi, zikafika kwenye kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video wa mtaani, zikitetemeka.

Umbo nalo lina hadithi yake. Fremu ya PAL ya kidijitali ina pikseli 720 kwa 576, kipimo kinachotokana na kanuni za Rec. 601 za mwaka 1982, na pikseli hizo si za mraba. Zikionyeshwa moja kwa moja kwenye skrini ya kompyuta, duara husimama kama yai na bibi harusi anakonda bila dieti. Programu nyingi hurekebisha jambo hilo, lakini marekebisho ndiyo yanayozaa tatizo la pili. Kuikuza mistari 576 ifikie 1080 ni kuizidisha kwa 1.875, namba isiyo kamili, hivyo karibu kila mstari unaouona ni mchanganyiko wa majirani. Huwezi kujua kama ukungu ulioko usoni pa mwigizaji umetoka kwenye lenzi au kwenye hesabu za skrini. Tena TV za zamani zilikata kingo za picha, ndiyo maana mafundi walizoea kuyaweka maandishi ndani ya asilimia 80 ya katikati. Monita ya kompyuta inaonyesha hadi ukingoni, na asiyekumbuka tofauti hiyo alijikuta jina la mtayarishaji limekatwa kichwa.

Kuhusu rangi, jambo linalonishawishi kuliko yote ni la kamati, si la macho. Kwa miongo mingi namna kioo cha studio kinavyopaswa kuugeuza umeme kuwa mwanga, kutoka kwenye giza hadi kwenye weupe, haikuandikwa rasmi, kwa sababu bomba lilikuwa na tabia yake ya asili na kila mtu aliitegemea. Vichogo vilipoanza kutoweka, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulilazimika kuiandika. Mwaka 2011 ukatoa kanuni ya BT.1886, inayoiagiza skrini bapa ya studio iige mwenendo wa bomba, kwa gama ya 2.4. Shirika la kimataifa haliwezi kuiagiza teknolojia mpya iige ya zamani kwa sababu ya mapenzi ya zamani. Liliona kwamba hazina yote ya video iliyokwisha kurekodiwa ilihukumiwa kwa macho mbele ya mabomba yale, na kwamba ukibadilisha kioo bila kanuni umebadilisha picha zote zilizomo maktabani. Monita ya kawaida ya kompyuta ilifuata njia nyingine: nyeusi ya video huanzia kwenye thamani ya 16 na nyeupe huishia 235, ilhali kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Tafsiri ikikosewa, picha hupauka au vivuli hugeuka kuwa shimo jeusi.

Watakaonipinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Wapo watakaosema kwamba VCD, iliyobeba filamu nyingi za Bongo, ilikuwa na mistari 288 tu, kwa hiyo nusu-picha moja ilitupwa na mpangilio haukuwa na maana. Ni kweli kwa VCD. Lakini filamu hizohizo zilipelekwa pia kwenye vituo vya televisheni, na baadaye kwenye DVD yenye mistari 576, na huko kosa lililolala kwenye kanda mama liliamka. Wengine watasema vipimo vya mawimbi vinatosha kuliko kioo chochote. Vinatosha kwa viwango vya mwanga na rangi, na ningependa kila mhariri awe navyo, lakini kipimo hakikwambii kwamba mstari unapepesa. Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: hakuna anayetazama kichogo tena. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Nairobi ikafuata mwaka 2015, na watazamaji wengi leo wana simu mkononi. Hata hivyo kuzimwa kwa mitambo hakukuziondoa TV sebuleni kwa siku moja. Ving'amuzi vilichomekwa kwenye vichogo vilevile kwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, vikaendelea kutoa ishara ya SD. Na kwa simu, kazi ni kuziunganisha nusu-picha mara moja tu, kwa programu nzuri. Asiyeona mpangilio sahihi wa chanzo ataliunganisha kosa ndani ya faili, na kulitoa tena ni kazi ngumu ambayo mara nyingi haifanikiwi.

Sisemi kwamba kila kichogo ni hakimu mwadilifu. Bomba lililochoka hupoteza mwanga, rangi zake tatu haziangukii tena mahali pamoja, na TV ya dukani ilitoka kiwandani ikiwa na wekundu wa kuvutia wanunuzi. Monita za studio, kama PVM na BVM za Sony, zilithaminiwa kwa kuwa na kitufe cha kuonyesha buluu pekee, cha kurekebishia ukolezi wa rangi kwa pau za majaribio, na cha kuonyesha kingo zote za picha. Ukipata moja iliyotumika, iwashe, iache ipate moto, halafu tazama pau za rangi na mistari ya gridi kabla ya kutoa pesa. Usiifungue ndani mwenyewe. Bomba hubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa.

Kazi ya SD iliyobaki kwetu leo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kanda za harusi, mihadhara na maonyesho ya taarab bado zimejaa kabatini zikisubiri kuhamishwa. Kwa kazi hiyo, ushauri wangu ni kutozitumia fedha kwenye skrini ya 4K. Nunua kwanza kadi ya kutolea video inayotoa 576 ya kupokezana kwa nusu-picha 50, bila kupitia dirisha la kompyuta. Iunganishe na kichogo cha studio chenye bomba zima, na kikikosekana, na skrini bapa inayoipokea ishara hiyo na kufuata BT.1886. Kisha hifadhi nakala mama ikiwa na nusu-picha zake zote mbili, na ya kupeleka kwenye simu itoe kwenye hiyo.